Kesho Yake Waliamka Kufanya Nini?

(Maneno niliyoyasema kwenye siku ya wazee wa usharika wetu. Nimeyaandika kwa ajili ya wale ambao miguu haikuwaruhusu kufika.)

Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Na ninyi majirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko mkaja kukaa nasi chini ya mwembe huu, asalaam aleikum. Habari ya leo si ngeni kwenu, na nitafika mahali inapogusa Kitabu chenu pia.

Niliombwa nizungumze juu ya uzee na baraka zake, na nilikwisha anza kuandaa. Lakini wiki tatu zilizopita, kwenye jumuiya ya Alhamisi jioni, tulisoma Hesabu sura ya 14, na mama mmoja akaniuliza swali ambalo halijaniachia. Mama huyu anakaanga vitumbua. Saa kumi alfajiri taa yake huwa imekwisha washwa. Amezika watoto wawili, analea wajukuu watano, na nyumba aliyoanza kujenga na marehemu mumewe imeishia kwenye lenta. Tulipofika mwisho wa ile hukumu Mungu aliyoitoa juu ya kizazi kile cha Waisraeli waliotoka Misri, akasema, "Baba Mchungaji, hawa walioambiwa hawataingia, kesho yake waliamka kufanya nini?"

Jibu nilikuwa nalo, maana limo kwenye sura hiyohiyo. Nikamwambia, waliamka mapema, wakapanda mlimani kupigana bila ruhusa, sanduku la agano halikutoka kambini, wala Musa hakutoka, na Waamaleki na Wakanaani wakawashukia wakawapiga mpaka Horma.

Akaniambia, "Hao ni wanaume waliokwenda vitani. Na waliobaki? Na kesho yake tena, na kesho kutwa?"

Nikanyamaza. Nimehubiri habari za jangwani miaka mingi, na kila mara nimeruka kutoka Kadesh mpaka Yordani kana kwamba ni hatua moja. Leo nataka tukae hapo katikati.

Turudi nyuma kidogo ili tuende pamoja. Kumbukumbu la Torati, sura ya kwanza kabisa, inasema kutoka Horebu, mlima wa Mungu, mpaka Kadesh-barnea kwa njia ya mlima Seiri ni safari ya siku 11. Aya inayofuata inasema ilikuwa mwaka wa 40, mwezi wa 11, siku ya kwanza ya mwezi. Aliyeziweka aya hizo jirani alijua anachofanya. Njia ya siku 11, na mtu anasimama kuhutubia mwaka wa 40.

Kilichotokea katikati mnakijua. Walitoka Sinai mwaka wa pili, mwezi wa pili, wingu likitangulia. Walipofika Kadesh, mlango wa Kanaani kusini, walitumwa wapelelezi 12, mmoja kwa kila kabila. Walitembea siku 40, wakarudi na kishada cha zabibu kutoka bonde la Eshkoli kilichobebwa mtini na watu wawili, na makomamanga, na tini. Ushahidi wa nchi njema ulikuwa mabegani mwao. Lakini 10 kati yao wakasema watu wa kule ni majitu, "tukajiona nafsi zetu kuwa kama mapanzi." Kambi nzima ikalia usiku kucha, ikataka kuchagua akida mwingine awarudishe Misri. Kalebu na Yoshua walipojaribu kuwatuliza, watu wakasema wapigwe kwa mawe.

Ndipo hukumu ikatoka: siku moja, mwaka mmoja. Siku 40 za kupeleleza, miaka 40 jangwani. Kila aliyehesabiwa, mwenye miaka 20 na zaidi, mwili wake utaanguka jangwani humo. Na watoto, wale ambao wazazi walisema watakuwa mateka, hao ndio watakaoingia.

Watu wa pwani tunaijua arobaini. Mzazi akijifungua hukaa ndani arobaini, kisha mama na mtoto hutolewa nje. Mtu akifa, siku ya arobaini husomwa kisomo, watu wakala, wakatawanyika. Hata siku za mwizi ni arobaini. Kwetu arobaini ina mwisho, mtu huihesabu akijua kuna kutoka. Fikirini basi arobaini ya miaka, na aliyeambiwa ahesabu ndiye aliyeambiwa hatatoka.

Kwa majirani zetu, habari hii imo katika Surat al-Maida. Musa anawaambia watu wake waingie katika nchi takatifu, nao wanamjibu aende yeye na Mola wake wakapigane, wao watakaa papo hapo. Kisha nchi inaharimishwa kwao miaka arobaini, watangetange ardhini. Lile neno la Kiarabu la kutangatanga limebaki kwenye ramani mpaka leo. Uwanda mkubwa wa mawe ya chokaa ulio katikati ya rasi ya Sinai, huko Misri, Waarabu wanauita at-Tih, yaani mahali pa kupotea njia.

Na msilifikirie jangwa hilo kama bahari ya mchanga tu, kama kwenye picha za kalenda. Sehemu kubwa ni changarawe, majabali na mabonde makavu yanayopitisha maji siku chache kwa mwaka. Neno la Kiebrania ni midbar, na mimi naona Kiswahili tuna neno linalolikaribia zaidi kuliko jangwa, nalo ni nyika. Ni pahali pasipolimwa, lakini mbuzi anaweza kupata cha kuguguna. Hata ile aya inayosema watoto wenu watatangatanga miaka 40, Kiebrania chake kinasema watakuwa wachungaji nyikani, maana yake wachunga mifugo. Kwa hiyo tunaanza kulijibu swali la mama yetu. Kesho yake, kijana wa miaka 12 aliamka akafungua mbuzi.

Sasa sikilizeni ukimya. Sura ya 20 ya Hesabu inaanza na kifo cha Miriamu huko Kadesh, na hapo tumekwisha kufika karibu na mwisho wa safari. Haruni akafa mwaka wa 40 katika mlima Hori, akiwa na miaka 123. Kati ya hukumu na mazishi ya Miriamu kuna sura 5, na matukio yake makubwa ni maasi ya Kora na fimbo ya Haruni iliyochipuka. Kumbukumbu la Torati 2:14 inasema kutoka Kadesh-barnea mpaka kuvuka kijito cha Zeredi ilikuwa miaka 38. Miaka 38, na Biblia karibu haisemi neno! Sura ya 33 ya Hesabu inatupa orodha ya vituo vyote tangu Ramesesi mpaka nchi tambarare za Moabu. Vingi katikati ni majina matupu, wakasafiri kutoka Rithma wakapiga kambi Rimon-peresi, wakasafiri kutoka Rimon-peresi wakapiga kambi Libna. Hakuna kilichotokea hapo kinachosimuliwa. Watu waliishi, wakafunga ndoa, wakazaa, wakazika.

Wakazika. Hapa nataka twende polepole. Sensa ya kwanza, pale Sinai, ilitoa wanaume 603,550 wenye miaka 20 na zaidi, Walawi wakiwa hawamo. Ya pili, kule Moabu, ilitoa 601,730. Wataalamu wa Kiebrania wanajadili hesabu hizo, kwa sababu neno lililotafsiriwa elfu laweza pia kumaanisha ukoo au kikosi. Sitaingia kwenye mjadala huo leo. Nazichukua zilivyoandikwa. Kati ya orodha mbili hizo, majina yaliyobaki ni mawili tu, Kalebu mwana wa Yefune na Yoshua mwana wa Nuni. Gawanyeni wale wengine wote waliokufa kwa siku za miaka 38. Wastani wake ni zaidi ya mazishi 40 kila siku, na wanawake hatujawahesabu. Kila siku, wazee wangu, Ijumaa mpaka Ijumaa. Hapakuwa na mtoto aliyekulia kambini bila kujua namna ya kuchimba kaburi kwenye changarawe.

Zaburi ya 90 ina kichwa kisemacho ni sala ya Musa, mtu wa Mungu. Tunaisoma misibani, nanyi wengi mnaikariri. Isomeni mkiwa mmeketi Kadesh. "Siku za miaka yetu ni miaka sabini, na ikiwa tuna nguvu miaka themanini." Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku ya hukumu alijua hatavuka 60. "Utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima." Nilidhani hiyo ni sala ya mtu anayetafakari kwa utulivu. Kumbe inawezekana kabisa ni ya mtu ambaye siku zake zimekwisha hesabiwa na yeye kaelezwa. Na aya mbili mbele: "Utushibishe asubuhi kwa fadhili zako."

Asubuhi. Mama yetu aliuliza habari za asubuhi.

Asubuhi ya baada ya hukumu, mana ilishuka.

Nimelitafuta neno linalosema mana ilikatizwa hata siku moja kwa adhabu, sikulikuta. Kutoka 16 inasema walikula mana miaka 40, hata walipofikia nchi iliyokaliwa na watu. Tangu jangwa la Sini, mwezi mmoja baada ya kutoka Misri, mpaka ng'ambo ya Yordani, isipokuwa siku ya Sabato tu. Basi ilishuka pia asubuhi ile macho yalipokuwa bado yamevimba kwa kilio. Ilishuka pale wale waliotoka kupigana walipokuwa wanarudi na majeraha. Mungu amesema hutaingia, na kabla jua halijawa kali amekwisha kukuandalia chakula cha siku hiyo, wewe uliyetaka kumpiga Yoshua kwa mawe. Nehemia sura ya 9 inalitaja hili kwa mshangao: walipotengeneza hata ndama ya kusubu, Mungu hakuwaacha, nguzo ya wingu haikuondoka kwao mchana, akawalisha miaka 40, mavazi yao hayakuchakaa wala miguu yao haikuvimba.

Hili ndilo ninalotaka kuwaambia leo, na kama mtasahau mengine yote, hili lishikeni. Tumezoea kuihubiri miaka ile kama kifungo, na hukumu ilikuwepo kweli, siipunguzi hata chembe. Lakini ukiuliza Mungu alikuwa wapi katika hiyo miaka 38, jibu la Maandiko ni kwamba alikuwa kambini, hemani, katikati yao. Alizunguka nao. Kama wao walilala Rithma, naye alilala Rithma. Sanduku la agano lilitembea vituo vilevile visivyo na habari. Wale ambao hawataingia hawakuachwa peke yao wafe wakati Mungu amekwenda mbele kuwasubiri watoto wao Kanaani.

Manabii baadaye waliitazama nyika ile kwa macho mawili. Zaburi ya 95 inaikumbuka kwa uchungu, Meriba na Masa walikomjaribu Mungu, mioyo migumu. Lakini Yeremia anamsikia Mungu akiikumbuka kama siku za uchumba, jinsi Israeli alivyomfuata nyikani katika nchi isiyopandwa mbegu. Na Hosea anasema Mungu atamrudisha nyikani tena aseme naye maneno ya kumtuliza moyo. Mtu hampeleki mchumba wake gerezani kumbembeleza. Mpaka leo Wayahudi wanapoadhimisha sikukuu ya vibanda hukaa siku 7 katika vibanda vilivyoezekwa matawi, kwa sababu Walawi 23 inasema vizazi vijue kwamba Mungu aliwakalisha Israeli katika vibanda alipowatoa Misri. Na sikukuu hiyo ni ya furaha. Wanaamriwa wafurahi.

Sasa kuhusu mana yenyewe, maana lazima tufike jikoni. Walipoiona mara ya kwanza waliulizana, "Nini hiki?", na inasemekana jina lenyewe limetoka katika swali hilo. Kila mmoja aliambiwa aokote kiasi cha ulaji wake, kichwa pishi. Pishi! Waliotafsiri Biblia yetu walikuta kipimo cha Kiebrania, omeri, wakatupa neno la dukani kwetu. Vijana hawalijui tena, lakini ninyi wazee mnalijua. Vibaba vinne ni pishi moja. Marehemu mama yangu alikuwa na kibaba cha mti, kimekuwa cheusi kwa mikono ya miaka mingi. Akipima mchele wa kuuza, alikuwa anauliza kwanza, "Wataka cha tele au cha mfuto?" Cha tele kilikuwa na kichuguu juu. Cha mfuto alipitisha kiganja, punje za ziada zikarudi kwenye kapu, ukabaki usawa wa mdomo wa kibaba. Nilikaa chini ya meza yake nikisikiliza kiganja kile, shaa, shaa.

Mana ilikuwa mfuto. Aliyeokota nyingi, alipoipima hakubakiwa na kitu. Aliyeokota chache hakupungukiwa. Iliyowekwa mpaka asubuhi iliingia mabuu ikanuka, isipokuwa ya usiku wa kuamkia Sabato. Ndugu zangu, hebu fikirini ugumu wa kuishi hivyo ukiwa mtu mzima mwenye familia. Huna ghala. Huna akiba ya kesho hata ya mlo mmoja. Miaka 38 unalala na chungu kitupu ukiamini kwamba Yule aliyekuhukumu atakulisha. Nadhani hata waliokuwa wanung'unikaji hodari, na walinung'unika sana, walikumbuka samaki wa Misri na matango na matikiti na vitunguu, hata hao walilazimika kila jioni kufanya tendo moja la imani, nalo ni kulala. Yesu alipotufundisha kusali, "Utupe leo riziki yetu," alikuwa anazungumza lugha ya kambi hiyo. Leo. Riziki ya leo. Na yeye mwenyewe alipokaa siku 40 nyikani akajaribiwa kwa mkate, jibu alilompa Ibilisi alilichota katika Kumbukumbu la Torati sura ya 8, pale Musa anapoeleza mana ilikuwa na maana gani.

Najua yupo atakayeniambia, Baba Mchungaji, Yesu huyohuyo katika Yohana 6 alisema, "Baba zenu waliila mana jangwani, wakafa." Ni kweli. Mana haikumwondolea mtu kaburi, na ndiyo maana tunamhitaji yeye aliye mkate wa uzima. Lakini angalieni Yesu anasema hayo kwa watu gani. Anayasema kwa watu ambao jana yake aliwalisha mikate ya shayiri nyikani wakashiba, naye alijua wengi wao watageuka wamwache. Aliwalisha hata hivyo. Tabia ya Baba na ya Mwana ni moja.

Turudi Kadesh. Kuna jambo ambalo nimelisoma mara nyingi bila kuliona. Sura ya 14 ya Hesabu inaisha kwa kipigo cha Horma. Geuza ukurasa. Sura ya 15 inaanzaje? Bwana akasema na Musa, awaambie wana wa Israeli: Mtakapoingia nchi ya makao yenu niwapayo. Mtakapoingia! Maneno ya hukumu bado ni moto, hata waliokufa vitani labda hawajazikwa wote, na Mungu anaanza kutoa maagizo ya nyumbani huko Kanaani. Sadaka iende na unga mwembamba uliochanganywa na mafuta, na divai robo ya hini, kipimo chao cha vitu vya majimaji. Wako nyikani. Hawana shamba la ngano wala mzeituni wala mzabibu. Kishada cha Eshkoli ndicho cha mwisho walichokiona. Halafu agizo la pili: mtakapokula chakula cha nchi, donge la kwanza la unga wenu mtalitenga kwa ajili ya Bwana, katika vizazi vyenu vyote.

Agizo hili waliambiwa kina nani? Waliokuwa wamesimama pale wakisikia ni wale ambao hawatakanda unga huo hata siku moja. Mama wa miaka 30, amembeba mtoto mgongoni, anaambiwa namna ya kutenga donge la kwanza la mkate atakaoula mtoto. Yeye alikabidhiwa kulibeba hilo neno. Mtoto hawezi kukumbuka sheria iliyotolewa akiwa mgongoni. Kama sheria hiyo ilifika Kanaani, ilifika kwa sababu yule aliyeambiwa hutaingia aliisema jioni mbele ya moto, akairudia, akairudia tena.

Sijui kama mnaliona kama ninavyoliona mimi. Wazee wangu, wako kati yenu walioota mambo makubwa, kwa ajili yao na kwa ajili ya nchi hii, na mmeona mengine yakitimia na mengine hamtayaona. Kuna anayejua nyumba yake haitaezekwa akiwa hai. Kuna aliyekosea kweli, kwa mikono yake mwenyewe, akapoteza nafasi ambayo hairudi, na anajua. Nimeketi na baadhi yenu kitandani mkanieleza. Sikuja kuwaambia kwamba mlango ule utafunguliwa. Musa mwenyewe aliupiga mwamba mara mbili huko Meriba, akaambiwa naye hataingia, aliomba sana asamehewe aingie, Mungu akamwambia, Yatosha, usiniambie tena neno hili. Alipandishwa mlima Nebo, akaonyeshwa nchi yote mpaka Soari, akafa hapo akiwa na miaka 120, na aliyemzika ni Mungu. Kutokuingia ni jambo zito na Biblia hailipambi. Lakini hakuna hata asubuhi moja ya miaka hiyo ambayo Mungu alimwambia mtu yeyote, wewe huingii, basi huna kazi.

Kazi ilikuwa nyingi. Hesabu 11 inaeleza. Watu walizungukazunguka wakaiokota mana, wakaisaga kwa mawe ya kusagia au wakaitwanga katika vinu, kisha wakaitokosa nyunguni na kufanyia mikate, na utamu wake ulikuwa kama mafuta mapya. Nilipoisoma aya hiyo tena baada ya swali la mama yetu, nilisimama. Mawe ya kusagia? Nyikani? Mana ilikuwa chembe ndogo nyeupe, ingeweza kuliwa hivyohivyo. Kwa nini mtu abebe jiwe la kusagia toka Misri, apite nalo baharini, apande nalo Sinai, ateremke nalo Kadesh?

Wakati mwingine tunadhani waliopoteza tumaini huacha vitu njiani. Akina mama wale hawakuyaacha mawe. Na naamini, ingawa haikuandikwa, kwamba kila alfajiri kulikuwa na binti mdogo ameketi kando ya mama yake, akijifunza kulisukuma jiwe, akijifunza chembe zikilainika zinatoa sauti gani.

Miaka 38 ikapita. Mama akazikwa Rithma, au Libna, au Haradha. Jiwe likabaki kwa binti.

Yoshua sura ya 5 inatuchukua mpaka Gilgali, katika uwanda wa Yeriko, siku ya 14 ya mwezi wa kwanza. Wakaila Pasaka. Siku ya pili wakala mazao ya nchi, mikate isiyotiwa chachu na bisi. Asubuhi iliyofuata walitoka nje na vyombo vyao kama kawaida na chini palikuwa pakavu. Mana ilikoma, haikuonekana tena. Wengi wa waliopika siku ile walizaliwa njiani, hawakuwahi kushika punje ya nafaka ya shambani. Lakini kusaga walijua. Kukanda walijua. Na lile neno la donge la kwanza la unga, lililosemwa masikioni mwa mama zao Kadesh, sasa lilikuwa limepata unga.

Alhamisi iliyofuata nilimpelekea mama yetu jibu hili, nikamwambia kama nilivyowaambia ninyi. Yuko hapa, amekaa pale nyuma, ameniruhusu kulisema. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake imelala mapajani, bado ina unga mweupe kwenye kucha. Kisha akauliza, "Hayo mawe waliyabeba njia nzima?"

Nikamwambia, ndiyo mama, njia nzima.

Akakaa kimya kidogo. "Ni mazito yale," akasema.